Watu Wawili Mlimani: Jinsi Safari ya Siku Saba ya Kilimanjaro Ilivyopangwa

Katika mipango mingi ya safari za mlimani, mume na mke huhesabiwa kama msafiri mmoja aliyezidishwa mara mbili: hema moja, meza moja, kiongozi mmoja, na ratiba moja ambayo yeyote kati yao akishindwa kuifuata, hapana neno lililoandikwa juu ya litakalofanyika. Mpango ninaouchambua hapa ni wa mume na mke wa Tanga, walimu wa sekondari wote wawili, waliopanda Kilimanjaro kwa siku saba kwa njia ya Machame. Ulikwenda kinyume cha ada hiyo, nao unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu kila sehemu yake iliwekwa kwa hoja, na hoja yenyewe ilikuwa moja: kwamba miili miwili, hata ikiwa imeishi chini ya dari moja miaka mingi, haipandi jabali kwa namna moja.

Wakati ulichaguliwa kwa masharti mawili. La kwanza ni likizo ya katikati ya mwaka, ambayo kwa bahati njema huangukia baada ya masika kwisha, wakati wa kipupwe, ambapo mlimani baridi ni kali lakini njia ni kavu na anga aghalabu ni safi. La pili, ambalo wengi hulisahau ilhali halina gharama yoyote, ni mwezi. Walihesabu siku kurudi nyuma kutoka usiku wa kumi na nne wa mwezi, wakapata siku ya kuingia langoni, ili usiku wa kukikabili kilele uwe usiku wa mwezi mpevu, unaochomoza jua linapotua na kuangaza mpaka karibu na alfajiri. Taa za kichwani walikuwa nazo, na lazima ziwepo. Lakini mtu anayeiona njia yote mbele yake, na kumwona mwenziwe kwa umbo lake zima badala ya duara dogo la mwanga, huenda kwa moyo uliotulia zaidi.

Kuhusu njia, shauri lilikuwa kati ya Marangu na Machame. Marangu ina vibanda vyenye vitanda, nayo kwa sababu hiyo hupendwa na wanaoogopa hema. Lakini vibanda hivyo ni vya watu wote, na katika kibanda cha Kibo hasa wageni hulala chumba kimoja wengi pamoja, hata mume na mke wasiwe na faragha ya kuulizana hali kwa uwazi. Jambo hilo si la anasa. Mtu anayeficha maumivu ya kichwa mbele ya wageni humwambia mwenziwe ukweli wanapokuwa peke yao, na katika mwinuko ukweli huo ndio dawa ya mwanzo. Fauka ya hayo, Marangu hupandisha kwa ngazi ndefu mno: Mandara iko mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720 hivi, yaani mita elfu moja kwa kila usiku, isipokuwa kwa yule anayelipia usiku wa pili Horombo. Mimi naona hesabu hiyo peke yake ilitosha kuamua.

Sasa natazama mwinuko wa kulala, kwa kuwa hapo ndipo palipo kiini cha ufundi wote wa safari hii. Mwili hauzoei hewa nyepesi kwa nguvu za misuli wala kwa ujana. Huizoea kwa muda, na zaidi kwa muda wa usiku, mapafu, moyo na damu vinapojirekebisha kwa kile kidogo kinachopatikana. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni inayoingia kwa pumzi moja ni takriban nusu ya ile ambayo watu hawa huvuta kando ya bahari ya Tanga. Kwa sababu hiyo matabibu wa milimani hunasihi kwamba, mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike pasipo kupanda. Tuitie ratiba katika mizani ya kanuni hiyo. Kutoka lango la Machame, takriban mita 1,800, walilala usiku wa kwanza karibu na mita 3,000, baada ya kuvuka msitu wote. Usiku wa pili Shira, karibu mita 3,800. Wa tatu Barranco, mita 3,950 hivi. Wa nne Karanga, karibu mita 4,000. Wa tano Barafu, karibu mita 4,650. Na wa sita, baada ya kilele, Mweka, karibu mita 3,100.

Ukiisoma safu hiyo utaona kasoro mbili na uzuri mmoja. Kasoro ndogo ni mruko wa usiku wa tano, mita 650 kutoka Karanga hadi Barafu; kubwa ni ule mruko wa siku ya pili, mita 800 kwa mara moja, ambao hauepukiki kwa njia hii kwa kuwa kambi hazikujengwa kwa matakwa ya mapafu. Na hapo ndipo wapandaji wengi huanza kuumwa kichwa. Uzuri ni siku ya tatu, ambapo njia hupanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, ndipo ishuke Barranco kulala. Mwili huonjeshwa mwinuko wa Barafu mchana, ukarudishwa chini usiku kujenga kile ulichokiona kimepungua. Na usiku wa Barranco ukifuatwa na wa Karanga katika kimo kinachokaribiana, deni la siku ya pili huwa limelipwa. Wako wanaouza safari hii kwa siku sita kwa kuufuta usiku wa Karanga, wakiwatoa watu Barranco mpaka Barafu kwa siku moja na kuwaamsha usiku huohuo kwenda kileleni. Akiba ya siku hiyo moja ni akiba mbaya. Humfikisha mtu Barafu jioni akiwa amechoka kwa kuupanda ukuta wa Barranco na mabonde yanayoufuata, amekula nusu ya chakula chake, naye ana saa chache tu za kulala kabla ya kazi ngumu kuliko zote alizopata kuzifanya kwa miguu.

Matayarisho ya mwili yalifanywa Usambara. Mwisho wa juma walitoka Tanga hadi Mombo, wakapanda Lushoto, wakatembea vilimani na mizigo mgongoni kutwa nzima. Walijua, na ni vema msomaji naye ajue, kwamba Lushoto haimzoezi mtu mwinuko, maana ni chini mno. Kulala Moshi kabla ya safari pia hakusaidii, kwa kuwa mji huo uko chini ya mita 1,000. Walichokitafuta Usambara kilikuwa magoti. Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka ni mteremko wa karibu mita 2,800 katika siku moja, tena baada ya usiku usio na usingizi, na watu wengi waliofika kileleni bila taabu kubwa hulia katika mteremko huo. Kwa hiyo mazoezi yao yalihesabu kushuka kuliko kupanda, na fimbo mbili kwa kila mtu zilizoeleka mkononi tangu huko.

Kadhalika walikwenda kwa tabibu pamoja. Waliuliza juu ya dawa ya asetazolamaidi, ambayo husaidia mwili kuzoea lakini haiwafai wote, na wakapewa maelezo ya namna ya kuitumia. Mke alipimwa kuhakikisha kwamba si mjamzito, kwa kuwa matabibu hawashauri mwenye mimba kwenda kulala katika vimo vile. Nalitaja hili kwa sababu katika mipango ya wanandoa ni swali la mwanzo kabisa, nalo aghalabu huachwa kwa haya.

Fedha zao ziligawanywa kwa busara nisiyoiona mara nyingi. Raia hulipa ada za hifadhi kwa shilingi, tena chini sana ya mgeni, na nafuu hiyo hawakuitumia kununua nguo. Makoti mazito na mifuko ya kulalia walikodi Moshi; viatu tu ndivyo vilivyokuwa vyao, vilivyokwisha kuzoea miguu. Kilichobaki kilikwenda katika vitu viwili: usiku wa Karanga, na ujira wa kiongozi wa pili. Sheria ya hifadhi humtaka mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni, na kwa watu wawili wakala alikuwa ameandika kiongozi mmoja, mpishi na wapagazi. Mume na mke walikataa kutia sahihi mpaka msaidizi wa kiongozi alipoongezwa, naye awe mtu aliyefika kileleni mara nyingi, si mpagazi wa kupandishwa cheo kwa usiku mmoja. Hoja yao ni ya hesabu nyepesi: penye kiongozi mmoja, mmoja akiugua, ama wote wanashuka, ama mgonjwa anashuka na asiye na elimu ya ugonjwa wake. Majahazi mawili yaendayo pamoja huenda kwa mwendo wa lililo zito, lakini kila moja lazima liwe na nahodha wake.

Jambo la maji nalo lilipangwa mapema. Bonde la Karanga ndilo mahali pa mwisho pa kuteka maji kwa njia hii. Barafu hakuna hata tone, na kila kikombe kinachonywewa huko kimebebwa mabegani kutoka chini. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni kwa mizani. Basi anayetaka lita nyingi Barafu sharti awe amehesabu mabega ya kuzibebea tangu Moshi, au atakuwa anaomba dhuluma. Kwa usiku wa kilele walitia maji katika chupa, wala si katika mfuko wenye mrija, maana maji ya mrija huganda kwanza. Wakaivika kila chupa soksi ya sufu na kuiweka kichwa chini katika begi, kwa kuwa barafu huanza juu ya maji, na kifuniko kikiwa chini hubaki kikifunguka.

Lakini sehemu niipendayo katika mpango huu ni karatasi moja iliyoandikwa Tanga, nyumbani, kabla hata ya kulipia safari. Ilikuwa na masharti matatu. Mmoja akishindwa kwa uchovu, kichwa au kutapika, atashuka na msaidizi, na mwingine ataendelea na kiongozi mkuu bila kusihi wala kusihiwa. Mmoja akionekana kuyumba, kupotewa na maneno, au kukosa pumzi hali amekaa, wote wanashuka papo hapo. Na anayeshuka hatangoja Barafu: atapitiliza mpaka kambi ya Milenia, karibu mita 3,800, kwa sababu tiba ya maradhi ya mwinuko ni kupunguza mwinuko. Nakala alipewa kiongozi jioni ya kwanza, akaisoma mbele yao. Uamuzi kama huo haufai kuachiwa saa nane ya usiku, kwenye baridi ya nyuzi kumi au zaidi chini ya sifuri, kati ya watu wanaopendana na ambao akili zao zote mbili zimepungukiwa na hewa.

Waliondoka Barafu karibu na saa sita usiku. Hufanywa hivyo kwa sababu changarawe za mteremko huwa zimegandamana na kushika mguu, kwa sababu mawingu hukusanyika mchana, na kwa sababu siku hiyohiyo lazima kushukwe Mweka. Kwa maelezo waliyonipa wote wawili, mume, ambaye Usambara alikuwa mbele siku zote, alianza kutapika walipopita mita 5,300 hivi. Kiongozi alimsimamisha, akamwambia atembee hatua kadhaa kwa mstari mmoja, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa pili; akatembea bila kuyumba. Kisha alimwuliza jina la kambi walikotoka na siku ya juma, akajibu sawa. Basi sharti la kwanza ndilo lililofanya kazi, si la pili. Mke alitaka kugeuka naye, na mume akamwambia, “Nenda, mke wangu, neno hili tulilimaliza Tanga.” Alishuka na msaidizi, akapita Barafu bila kulala, na alipofika Milenia kichwa kilikuwa kimemwachia na amekunywa uji. Mke alifika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, jua likichomoza, akapanda Uhuru muda wa saa moja baadaye, na alasiri akaandika jina lake katika daftari la kambi ya Mweka chini ya jina la mumewe.

Wako watakaosema kwamba safari iliyomfikisha mmoja tu imeshindwa nusu. Siafikiani nao. Hata kama wote wawili wangefika, mpango huu ungekuwa mwema vilevile, maana wema wake umo katika yale yaliyoandaliwa kwa ajili ya kutofika. Rai yangu kwa mawakala wa Moshi na Arusha ni kwamba kiongozi wa pili asiwe tena kitu cha kuombwa na mteja anayejua kuuliza: kila wawili wanaopanda pamoja waandikiwe viongozi wawili katika bei ya mwanzo, na asiyeafiki atafutiwe mlima mfupi zaidi.