Sanamu zisizo na jina: juu ya kitabu cha Carl Einstein

Kitabu tunachokipima hapa kilitoka Ujerumani mwaka 1915, nacho chaitwa Negerplastik. Mtungaji wake, Carl Einstein, Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, alizaliwa Neuwied mwaka 1885. Siku zile Wazungu wengi waliweka sanamu za Afrika pamoja na mikuki na ngoma, kama vitu vya ajabu tu. Yeye akasema: hii ni sanaa kamili, na wasanii wa Ulaya wana la kujifunza. Neno hilo tunalisifu.

Lakini picha za kitabu hazina maelezo: wala kabila, wala kijiji, wala kazi ya sanamu. Tena alifundisha kwamba kwa Mwafrika sanamu yenyewe ndiyo mungu. Hapo tunakataa. Tuwatazame Balega, majirani zetu wa Pangi. Katika chama chao cha Bwami, ambacho serikali ya Wabelgiji ilikikataza mwaka 1948, wakubwa walitunza visanamu vya pembe viitwavyo iginga. Viliambatana na methali zilizofundisha mwenendo mwema. Asiyejua methali hakujua kitu. Basi, mhubiri aliyetupa sanamu motoni na mtaalamu aliyeisifu walikosea pamoja: wote wawili waliidhania kuwa mungu, kwani hawakuwauliza wenyewe.

Hata hivyo Einstein hakubaki palepale. Mwaka 1921, katika kitabu Afrikanische Plastik, alitaja makabila. Na mwaka 1925 alitoa kitabu cha hadithi za Kiafrika. Alianza kwa kutazama, akaendelea kwa kusikiliza.

Mwaka 1928 alihamia Paris. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, njia ya kurudi kwao ilifungwa. Mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana upande wa Jamhuri. Kwa hiyo mwaka 1940, majeshi ya Hitler yalipoingia Ufaransa, hakuweza kukimbilia Hispania ya Franco. Tarehe 5 Julai alijitupa mtoni karibu na Pau, akafa. Tusimhukumu, tumwombee.

Nasi wa Kasongo na Kabambare tuna kazi. Kabla ya kukataa au kusifu kitu cha wazee, tuwaulize: kinaitwaje? Kilitolewa siku gani? Methali yake ni ipi? Mkatekista mwenye daftari aandike majibu, pamoja na jina la kijiji, maana wazee hawatatungoja.