Nakala Njema ya Upanga wa Toledo

Mgeni akiingia duka la panga mjini Toledo, Hispania, kwanza hutazama bapa lipi linang'aa zaidi. Si mahali pazuri pa kuanzia. Nakala za mapambo karibu zote zina bapa la chuma kisichoshika kutu, lililopigwa msasa kwa mashine, na la bei chee hung'aa sawasawa na la bei ghali. Kazi ya fundi utaiona kwenye mpini, na mpini huwezi kuuhukumu kama huujui upanga wenyewe ulioigwa.

Chukua Tizona, upanga unaosemwa kuwa wa shujaa Rodrigo Díaz de Vivar, yaani El Cid, aliyefariki mwaka 1099. Uko katika makumbusho ya Burgos, baada ya serikali ya jimbo la Castilla y León kuununua mwaka 2007 kwa euro milioni 1.6. Wataalamu wengi wameutilia shaka, na mpini wake ni wa enzi ya Malkia Isabel na Mfalme Fernando, karne nne baada ya El Cid. Kwa hiyo fundi mwaminifu ana njia mbili tu. Ama aige kile kilichomo ndani ya kabati la kioo Burgos, mpini wa chuma mtupu usio na madoido, ama atengeneze upanga wa karne ya 11 kama ulivyokuwa: bapa pana lenye mfereji katikati, kilinzi cha mkono kilichonyooka, kifundo kizito nyuma. Ukioneshwa Tizona yenye ngome, simba na dhahabu kila pembe, hiyo ni ndoto ya muuzaji. Ukiipenda, inunue, lakini usiilipie bei ya nakala ya makumbusho.

Mtihani mgumu zaidi ni upanga unaohusishwa na Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada, aliyeukabidhi mji huo mwaka 1492. Ni wa aina iitwayo jineta, na mpini wake ni kazi ya sonara zaidi kuliko ya mhunzi: pembe ya ndovu iliyochongwa, nyuzi za dhahabu, rangi za kuchoma kwa moto, na kilinzi kinachoinama kuelekea ncha kwa umbo la vichwa vya wanyama. Humo mna maandishi ya Kiarabu, na hapa mtu aliyesoma chuo cha Kurani ana jicho ambalo mtalii wa kawaida hana. Jaribu kuyasoma. Kwenye nakala ya hovyo herufi zimeyeyuka, nukta zimepotea, zimebaki mikunjo tu. Aliyepuuza herufi, ambazo kila mtu anaweza kuzikagua, hakosi kupuuza na yale usiyoyaona.

Mipini mingi ya bei nafuu husubiwa kwa mchanganyiko wa zinki kisha hupakwa rangi ya dhahabu au fedha. Hilo si kosa lenyewe. Pitisha ukucha ubavuni: ukikuta mstari mwembamba pale pande mbili za kalibu zilipokutana, jua hakuna aliyejisumbua kupitisha tupa. Tazama pia mabonde ya nakshi. Iliyosubiwa vizuri ina kona kali hata chini kabisa, ila mbaya ina viduara laini kama sabuni iliyotumika.

Ukiambiwa nakshi nyeusi na dhahabu ni ya mkono, omba kioo cha kukuzia. Mafundi wa Toledo hukwaruza chuma, hugandamiza uzi wa dhahabu kwenye mikwaruzo kwa nyundo ndogo, kisha hukifanya chuma kuwa cheusi. Uzi huo una mwanzo na mwisho, na hauendi sawa kabisa. Iliyochapwa na mashine haina dosari hata moja, na ndiyo maana ni rahisi kuitambua.

Kisha uinue. Panga halisi za mkono mmoja nyingi zilikuwa na uzito wa kilo moja na kitu, na bapa lilipungua unene kuelekea ncha. Nakala inayozidi kilo mbili imeigwa kutoka kwenye picha. Utikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, mpini haukushikwa vizuri. Hata usiposikia kitu, ndani ya nakala za ukutani mara nyingi mna msumari mwembamba tu uliochomelewa kwenye bapa, nayo mabapa marefu ya chuma kisichoshika kutu huvunjika ghafla, kwa hiyo usimruhusu mtu kuuzungusha sebuleni.

Muhuri wa Toledo peke yake usikuteke, maana kugonga muhuri ni kazi ya sekunde moja. Wala usidhani umetoka kiwanda cha kifalme cha panga kilichoanzishwa na Mfalme Carlos III mwaka 1761: kilikwisha kufungwa, na majengo yake leo ni ya chuo kikuu.

Ukiishi karibu na bahari, usiuache ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Utundike wazi, na uufute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, hasa pale bapa linapoingia kwenye mpini, ambapo hata chuma hicho kisichoshika kutu huanza madoa.