Miguu ya Anayeanzisha

Sheria ya badminton humfunga miguu anayeanzisha. Mpaka raketi iguse kinyoya, sehemu ya kila mguu wake lazima iwe imetulia chini, na anayepokea naye amefungwa vivyo hivyo. Kinyoya kikishapigwa, wote wawili wako huru. Watazamaji huinua macho kukifuata kinyoya. Mimi hubaki nikimtazama yule aliyeanzisha, kwa sababu ustadi ninaouenzi katika mchezo huu unaanzia hapo: anakwenda kusimama wapi, na amejuaje kwamba pale ndipo.

Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, nusu ya uwanja ni mzigo wako peke yako: mita 6.70 kwenda nyuma, mita 5.18 kwa upana. Ukisimama katikati, kila kona iko mita nne na ushee kutoka ulipo. Ukitoa urefu wa mkono na raketi, zinabaki hatua mbili tatu. Ndiyo maana mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: ukishaanzisha, rudi katikati. Ni agizo zuri kwa mwanzo, lakini halifiki mbali. Mchezaji aliyekomaa hatafuti katikati ya uwanja. Anatafuta katikati ya majibu ambayo mpinzani anaweza kuyatoa kutoka pale alipompeleka.

Chukua kinyoya kilichoanzishwa kwa juu, kikaenda kudondoka karibu na mstari wa nyuma. Kikiangukia kona ya pembeni, mpinzani amepata njia mbili zilizoachana sana: ya moja kwa moja kando ya mstari, na ya mshazari kuelekea upande wa pili. Ile ya moja kwa moja ndiyo fupi, kwa hiyo anayeanzisha husogea kidogo upande uleule kilikoangukia kinyoya, kama golikipa anavyosogelea mlingoti wa karibu mshambuliaji akija kwa pembeni. Kinyoya kikiangukia karibu na mstari wa kati, njia zote mbili hubanwa, naye anaweza kusimama katikati kweli, kitako cha mpini wa raketi mbele ya kitovu, magoti yamelegea, akisubiri. Utaona basi kwamba mahali pa kusimama pamechaguliwa kabla kinyoya hakijapigwa. Asiyejua atasimama wapi hajui bado aanzishe vipi.

Kuanzisha kwa kifupi, kunakopendwa sana na wanaume wa siku hizi, kunadai umakini zaidi. Kinyoya kinavuka karibu kabisa na utepe wa wavu na kwenda kutua jirani na mstari wa mbele, mita 1.98 kutoka wavuni. Jibu linaweza kuja mara moja, kwa hiyo raketi haishuki, inabaki mbele ya kifua. Hapa maumbile yenyewe humsaidia mwenye kufikiri. Kinyoya kinachopigwa kikiwa chini ya utepe hakina budi kupanda kwanza. Mpinzani aliyelazimika kukichota magotini hawezi kukigandamiza chini, na aliyeanzisha anaweza kusonga mbele bila woga. Lakini mpinzani akikiwahi kikiwa bado juu ya utepe, mambo yamegeuka: uzito urudi nyuma, raketi ishuke, mtu ajiandae kujilinda. Kusoma huku si kubahatisha. Ni kuangalia urefu mmoja tu, wa kinyoya kwa wavu, na kukubali kile unachoonyeshwa.

Kisha kuna kitendo kimoja kidogo mno ambacho ningetaka kila mpenzi wa michezo akione kwa karibu walau mara moja. Mpinzani anapokaribia kupiga, visigino vya aliyeanzisha vinaachia ardhi kidogo tu, pengine karatasi ingepita chini yake. Miguu inatua imeachana kupita upana wa mabega, na inatua wakati uleule raketi ya mpinzani inapokutana na kinyoya. Akitua mapema, miguu inaganda. Akichelewa, kinyoya kimeshampita. Akipatia, kule kutua kwenyewe kunakuwa msukumo wa hatua ya kwanza, upande wowote. Wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana huchelewesha mkono ili uwatangulie kwa pupa na kuacha uwanja wazi nyuma yako. Kutabiri kuna sehemu ya subira ndani yake, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipimwa akipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa. Mtu angedhani hakuna miguu ya kushindana na hilo. Lakini manyoya 16 ya kinyoya hukamata hewa, na kasi ile huporomoka haraka njiani. Aliyesimama mahali pake hurudisha mapigo ambayo kwa hesabu ya kasi tupu hayarudishiki.

Hapa Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, ustadi huu una somo lake la ziada. Tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na jua ni kali. Katika hewa nyepesi yenye joto kinyoya husafiri mbali zaidi, na kile kilichoanzishwa kwa nguvu ya pwani kinaweza kutoka nje. Ukicheza kwenye uwanja wa udongo wakati wa kiangazi, upepo nao una neno. Shirikisho la Dunia la Badminton lilizindua mwaka 2019 mchezo wa nje wenye kinyoya kinachovumilia upepo na eneo la mita mbili toka wavuni ambamo kinyoya hakiruhusiwi kuangukia. Anayeanzisha hapo hana hofu ya pigo la kudondosha wavuni, kwa hiyo kituo chake hurudi nyuma. Kanuni imebadilika, hesabu ni ileile. Tena udongo una faida moja ambayo sakafu ya mbao haina: mchezo ukiisha, nyayo zinaonekana, na mwalimu anaweza kumwonyesha mtoto kwa kidole alikuwa akisimama wapi.

Na mtoto huyo anaweza kufika mbali: Edwin Ekiring wa Uganda, jirani yetu, alicheza mmoja kwa mmoja kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 na ya London 2012. Njia ya kufika huko imeshapitiwa na mtu wa huku kwetu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa michezo wa Kawajense na Mpanda nzima: uchache wa raketi usiwazuie. Chora mistari kwa majivu, funga kamba, wape raketi watoto wawili. Wengine wasimame nyuma ya anayeanzisha, nje ya mstari, mikono mitupu, wakiiga kila hatua ya miguu yake na kile kiruko kidogo. Kisha wabadilishane. Watoto 20 wanaweza kujifunza hivyo kwa raketi mbili.