Kuchagua Upande: Kinaya katika Vita vya Skyrim

Mwalimu mwenzangu, Ijumaa moja jioni nilikuwa ndani ya matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kangemi. Nyuma yangu wanafunzi wawili walikuwa wakizozana. Mmoja alishikilia kuwa Ulfric ni shujaa, mwingine kuwa ni muuaji. Kabla hatujafika Westlands, kila mmoja alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Nililitambua kosa ninalolisahihisha kila muhula: mtahiniwa huchagua upande kwanza, kisha ndipo atafute ushahidi.

Skyrim ni mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Novemba 2011. Si riwaya wala tamthilia, lakini una msuko, wahusika, mandhari na migogoro. Hivyo basi unaweza kuhakikiwa. Tofauti ni kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mhusika mkuu.

Mgogoro ni huu. Ulfric Stormcloak, mtawala wa mji wa Windhelm, amemuua Mfalme Torygg kwa nguvu za Sauti. Anadai kuwa mfalme alikuwa kibaraka wa Dola, ambayo ilitia saini mkataba unaoharamisha ibada ya Talos, mungu wa watu wake. Dola nayo, kupitia Jenerali Tullius, inataka nchi isigawanyike, kwani Thalmor, adui aliyeshurutisha mkataba huo, angali anavizia. Kila upande una hoja.

Zingatia mbinu ya ufunguzi. Mchezaji anaanza akiwa mfungwa, akipelekwa na askari wa Dola kukatwa kichwa ingawa jina lake halimo katika orodha. Moyo wake unaegemea waasi hata kabla hajasikia hoja yao. Hata hivyo, anapofika Windhelm anawakuta wakimbizi wa jamii ya Dunmer wamesongamana katika mtaa duni, wakitukanwa. Anayepigania haki za watu wake hajali haki za jirani.

Kinaya kikuu kimefichwa. Katika ubalozi wa Thalmor mna faili inayomhusu Ulfric. Inabainisha kwamba Thalmor wanafaidika vita vikiendelea bila mshindi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Je, mchezaji analazimika kuchagua? La. Anaweza kuimaliza hadithi kuu bila kujiunga na upande wowote, na kuitisha kikao cha kusitisha vita huko High Hrothgar. Lakini hata msuluhishi huulizwa mji upi uende kwa nani. Kutochagua nako kuna gharama yake.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na katika mitaa kama Kawangware majirani waligawanyika kwa misingi ya kikabila. Mnamo tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa amani nje ya Harambee House, katikati ya jiji, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Mchezaji akikosea hurudi pale alipohifadhi mchezo wake akaanza upya. Waliofiwa hawakupata nafasi hiyo.

Nawe mtahiniwa, usiandike kwamba mhusika fulani ni mwema ukakomea hapo. Taja tendo lake, taja anayelisimulia, taja anayenufaika nalo, ndipo uhukumu. Nilipokuwa nikishuka Kangemi, niliwauliza vijana wale iwapo walikuwa wameisoma faili ile. Hakuna aliyekuwa ameiona.

Swali la marudio: "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Thibitisha ukweli wa methali hii ukirejelea riwaya au tamthilia uliyoisoma. (alama 20)