Jiwe la Gizani na Jiwe la Kulipiwa: Uvumi wa Wanamuziki wa Kongo Usikiwapo Kisangani

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamezoea kuutenga wimbo na maneno yanayousindikiza. Wimbo huchukuliwa, huandikwa, hutafsiriwa, hugawanywa katika fani na maudhui, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Yale yasemwayo na wasikilizaji juu ya wenye wimbo, yaani nani kamkimbia kiongozi wake, nani kachukua wapiga gitaa wa mwenzake, ni tajiri gani kaimbwa na ni mke wa nani kasemwa, huachwa nje ya mlango kama umbeya usiostahili kuingia darasani. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa upande wa muziki wa dansi wa Kongo, utengano huo humnyima mhakiki nusu ya matini anayodai kuichambua.

Kisangani ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mji huu umekaa pale lugha mbili zinapokutana. Kilingala kilipanda na mto na jeshi, ilhali Kiswahili kilishuka kutoka Maniema pamoja na misafara ya biashara, hata ikawa kwamba mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe aliteuliwa kuwa liwali wa Stanley Falls. Aidha, mji uko umbali wa zaidi ya kilomita 1,700 kwa njia ya mto kutoka Kinshasa, ambako okestra huundwa, hurekodi na hugombana. Msikilizaji wa Mangobo au Kabondo basi huupata wimbo kwanza, na kisa chake baadaye, kikiwa kimekwisha kupita vinywa vingi na pengine kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Asiyemwona mwimbaji akiingia na kutoka baa za Matonge hana budi kumsoma katika wimbo. Ndipo uvumi unapoacha kuwa habari tu na kuwa tafsiri.

Wakongomani wameupa uvumi wa namna hii jina la Kifaransa, radio-trottoir, yaani redio ya kando ya njia. Jina hilo lilishamiri zama za Mobutu, wakati redio na magazeti yalipokuwa na sauti moja tu, na wananchi wakajitengenezea idhaa isiyo na mtambo wala mtangazaji. Siasa ilikuwa chakula chake kikuu, lakini wanamuziki walikuwa kitoweo. Wala si ajabu, kwa kuwa mwanamuziki alikuwa karibu mtu pekee aliyeruhusiwa kupaza sauti hadharani bila kusoma karatasi aliyoandikiwa.

Ufunguo wa fani hii ni neno la Kilingala mbwakela, linalotokana na kitenzi kobwaka, kutupa. Mbwakela ni neno lililorushwa bila kutaja limlengalo. Mswahili halihitaji kamusi hapa. Naye hurusha vijembe, naye hutupa jiwe gizani na kungoja kusikia nani atalia. Lugha zote mbili zimeuona usemi huu kuwa ni tendo la mkono kabla ya kuwa la mdomo, na zote mbili zimeuweka uzito wa tendo hilo kwa anayepigwa. Anayelalamika amejitaja mwenyewe. Mtunzi hana kesi ya kujibu.

Franco Luambo, kiongozi wa OK Jazz hadi alipofariki mwaka 1989, aliimudu fani hii kuliko wengi. Katika wimbo wake Tailleur, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisa chenyewe ni kidogo mno: fundi cherehani kanyang'anywa sindano na mwenye nayo, na sasa hana la kushonea. Wasikilizaji hawakuchukua muda kuamua kwamba fundi huyo ni Kengo wa Dondo, mkuu wa mashtaka aliyekuwa ameondoshwa katika cheo chake. Ni vyema kuuliza waliamuaje, maana wimbo haumtaji mtu. Waliamua kwa hoja tatu ambazo mhakiki yeyote angejivunia. Kwanza walitazama wakati: wimbo umetoka baada ya tukio gani? Pili walitazama jazanda: sindano ni chombo cha kazi, lakini haikuwa mali ya fundi, kama vile cheo kisivyokuwa mali ya mwenye cheo. Tatu walikumbuka ugomvi wa zamani. Mwaka 1978 Franco alifungwa kwa ajili ya nyimbo mbili, Hélène na Jacky, zilizohukumiwa kuwa chafu, na Kengo ndiye aliyekuwa mkuu wa mashtaka. Husimuliwa hata leo kwamba Franco alipokana uchafu wa nyimbo hizo, mama yake aliitwa akasikilizishwa, na hapo mwanamuziki akainamisha kichwa. Liwe limetokea hivyo au halikutokea, kisa hicho kimetungwa kwa ustadi: kinampatia mwenye sheria silaha ambayo haimo katika sheria, na kinamnyamazisha bingwa wa matusi mbele ya mtu mmoja asiyeweza kumtusia.

Hapa uvumi umefanya kazi ya uhakiki. Umesoma muktadha, umefumbua jazanda, umelinganisha kazi ya sasa na kazi za nyuma za mtunzi. Hivyo sivyo kusema kwamba kila uvumi ni uhakiki. Mario, wimbo wa mwaka 1985 juu ya kijana anayelishwa na mwanamke mtu mzima, ulikuwa na wenyewe wengi, kila mtaa na Mario wake; na hapo msomaji makini ataona kwamba swali la Mario halisi ni nani ndilo swali dogo kuliko yote yanayoweza kuulizwa juu ya wimbo huo. Radio-trottoir ina wasikilizaji hodari na ina wapayukaji, kama ilivyo katika idara za fasihi.

Ulinganisho na taarabu ya pwani unaweza kuangaza jambo ambalo ukiangalia Kongo peke yake halionekani. Katika Tanzania ya miaka ya 1990, mashabiki waligawanyika baina ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, na mipasho ikavuma kutoka ukumbi hadi ukumbi. Mpasho na mbwakela ni ndugu. Hata hivyo, katika taarabu kuna desturi ya kutunza. Mwanamke aliyeketi na shoga zake husikia ubeti unaomfaa, husimama, hutembea polepole akipeperusha noti, hupita mbele ya yule anayemkusudia, kisha humpa mwimbaji fedha hiyo. Ubeti haukubadilika hata neno. Mwimbaji hakumtaja mtu. Lakini ukumbi mzima umekwisha jua jiwe limerushwa wapi, na aliyelirusha si mtunzi tena bali ni msikilizaji. Fedha katika taarabu hununua tafsiri. Dakika moja baadaye mwingine anaweza kusimama na noti yake, akaupeleka ubeti ule ule kwa adui mwingine.

Katika muziki wa Kinshasa fedha imechukua njia nyingine, nayo ndiyo inayopasa kumshughulisha mhakiki. Libanga, kwa wingi mabanga, ni jiwe kwa Kilingala. Kumtupia mtu libanga ni kulitaja jina lake ndani ya wimbo, naye, au anayetaka kumpendeza, hulipa. Desturi ya kuwasifu wafadhili ni ya zamani, na Franco naye hakuwa msafi. Lakini tangu miaka ya 1990, kadiri mauzo ya kanda na sahani yalivyoliwa na wezi wa kunakili, jina lililolipiwa limekuwa pato la kutegemewa. Mwanaanthropolojia Bob White, aliyeishi miongoni mwa wanamuziki wa Kinshasa na kuandika Rumba Rules (2008), ameieleza biashara hii kwa kirefu. Katika nyimbo za kizazi cha Wenge majina ya wafanyabiashara, maafisa na wasafiri wa Ulaya hufuatana mfululizo, hata pengine kisa cha mapenzi kikaonekana kama mgeni aliyekosa kiti nyumbani kwake.

Mawe mawili basi. Moja hutupwa gizani bila jina, na thamani yake ni shaka inayoacha; la pili hutupwa mchana, lina jina, na thamani yake imekwisha kulipwa. La kwanza humfanya msikilizaji kuwa mtunzi mwenza. La pili humfanya shahidi wa malipo. Tofauti na noti ya taarabu ni kwamba noti ile hubaki nje ya matini, inakuja na kwenda. Libanga limeingia ndani ya matini na halitoki. Anayeusikiliza wimbo Kisangani miaka ishirini baadaye bado anatajiwa tajiri ambaye pengine amekwisha kufilisika.

Mfarakano wa Wenge Musica mwezi Desemba 1997 huonyesha athari yake. JB Mpiana alibaki na jina la BCBG, Werrason akaanzisha Maison Mère, na Solola Bien ya mwaka 1999 ikawa kama cheti cha kuzaliwa cha upande wa pili. Mashabiki walitazamia vita ya mafumbo kama ya wazee. Mafumbo hayakukosekana, lakini yalizidi kufunikwa na hesabu: nani kajaza ukumbi gani wa Paris, nani kauza zaidi, nani ana gari gani. Makampuni ya bia yaliuona ugomvi huo kuwa shamba. Bralima, yenye bia ya Primus na iliyokuwa na kiwanda hata Kisangani, ilimkumbatia Werrason; wapinzani wake Bracongo wakamchukua JB Mpiana. Msikilizaji akaulizwa kuchagua chupa badala ya kufumbua jazanda. Tarehe 30 Juni 2022 wenye ugomvi walipanda jukwaa moja katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Robo karne ya uhasama ilimalizika kwa tamasha, na ni vigumu kutaja wimbo mmoja wa uhasama huo unaokumbukwa kwa fumbo lake kama Tailleur.

Haifai kudhani kwamba kejeli imekufa. Imehama. Vijana wa kundi la MPR, ambao jina lao peke yake ni tashtiti kwa chama cha Mobutu, walipigwa marufuku na wakaguzi wa nyimbo mwezi Novemba 2021 kwa wimbo wao Nini to sali te, na marufuku ikaondolewa baada ya siku chache. Wao hawakutupa jiwe gizani. Waliuliza serikali waziwazi.

Na wana wa Kisangani je? Koffi Olomide alizaliwa hapa mwaka 1956, ingawa alikulia Kinshasa. Mbinu yake mbele ya uvumi ni kuuwahi: kabla watu hawajampa jina, amekwisha kujipa kumi. Grand Mopao, Quadra Kora Man baada ya tuzo nne za Kora mwaka 2002, na mengineyo. Haya ni majigambo, utanzu ambao fasihi ya Kiswahili inaujua vyema. Ukilinganisha na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, juu zaidi ya mto huu huu, aliyepata umaarufu Dar es Salaam kwa Kiswahili, tofauti ni ya kuchekesha. Ongala naye aliwahi kujiita, lakini alijiita Sura Mbaya. Aliyejitukana mwenyewe amewaachia wambeya nini? Majina ya Koffi hayakumfaa kitu mwezi Julai 2016, video iliyopigwa uwanja wa ndege wa Nairobi ilipomwonyesha akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake. Kenya ilimfukuza, na aliporudi Kinshasa akakamatwa kwa muda. Hapakuwa na jazanda ya kufumbua. Lakini kuna jambo moja la kuzingatia: katika nyimbo zenye majina mengi kiasi kile yaliyolipiwa, mnenguaji hana jina, na ni uvumi wa simu za mkononi uliomfanya aonekane.

Uvumi huwa mkali zaidi kwa wanawake, na Abeti Masikini ni ushahidi. Alizaliwa hapa mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant, rais wa serikali ya Mkoa wa Mashariki na mfuasi wa Lumumba, aliyeuawa Bakwanga mwaka 1961. Mwaka 1973 aliimba Olympia, Paris. Mwaka uliofuata Carnegie Hall, New York. Kinshasa iliyozoea okestra za wanaume ilimjadili sana: kwamba si mwimbaji wa rumba halisi, kwamba ni kazi ya mikono ya meneja wake Gérard Akueson, ambaye baadaye alikuwa mumewe, kisha, M'Pongo Love alipotokea, kwamba wanawake wawili hawawezi kukaa katika mji mmoja bila kuchukiana. Wanaume walipogombana, radio-trottoir ilitafuta jazanda katika nyimbo zao. Wanawake waliposemwa kugombana, ilitosheka na ugomvi.

Kwa hiyo kuna wimbo uliopita bila kusomwa. Sahani ya kwanza ya Abeti, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1973 chini ya jina la mbunifu wa mavazi Pierre Cardin, ina wimbo uitwao Mutoto Wangu. Tahajia hiyo ni ya Kiswahili cha Kongo, si ya Unguja, na iliingia Paris kabla ya bendi nyingi za Kiswahili. Wambeya waliuliza nani alimlipia nauli. Hakuna aliyeuliza kwa nini binti wa Finant, akiwa na Kilingala na Kifaransa mdomoni, alichagua kumwita mtoto kwa lugha ile aliyoisikia Kisangani.