Ridhaa ya Nani?

Lugha yetu ina hekima ambayo mara nyingi tunaipita bila kuiona. Mchezaji asiyelipwa mshahara kwa kucheza kwake, Waingereza walimwita kwa neno walilolichukua kwa Wafaransa, na asili ya neno hilo ni kupenda. Sisi tulimwita mchezaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari ya moyo. Binti anayeposwa huulizwa ridhaa yake. Mwenye shamba huombwa ridhaa kabla njia haijapita kwake. Kwa hiyo tunaposema ngumi za ridhaa au mbio za ridhaa, tunakiri kwamba yupo mtu aliyekubali. Amekubali kuamka alfajiri, kula alichonacho, kujichosha bila malipo, na kuvaa jina la nchi kifuani.

Nataka kuuliza swali moja tu: ni nani katika vyama vyetu vya taifa aliyewahi kumwendea mtu huyo na kuithamini ridhaa yake? Nimeyafuatilia mambo ya michezo kwa miaka mingi nikiwa hapa Lamadi, kwa redio, kwa magazeti yanayochelewa, na kwa kuwatazama vijana wetu wenyewe. Jibu ninaloliona linasikitisha. Ridhaa ya mchezaji imechukuliwa kama kitu kilichookotwa njiani, ambacho hakina mwenyewe.

Msomaji asiyeijua Lamadi aelewe kwamba ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari hukutana hapa na ile iendayo Bariadi. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria; upande wa pili, mwendo mfupi tu, ni lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Vijana wa hapa wamezaliwa katika kazi za mwili. Wanavuta nyavu, wanalima pamba, wanasukuma baiskeli zenye mizigo inayowazidi uzito. Usukumani baiskeli ni chombo cha kazi kwanza, kisha ndipo iwe ya mashindano, na ndiyo maana kampuni ya Vodacom ilipodhamini mbio za baiskeli huko Mwanza, watu walizielewa mara moja bila kufundishwa. Miguu na mapafu havijawahi kuwa tatizo la kanda hii.

Namfahamu kijana mmoja wa hapa ambaye alikuwa akikimbia vizuri sana. Alishinda mashindano ya ngazi ya mkoa, akaambiwa na viongozi wa chama fulani, ambacho sitakitaja, asubiri barua ya kuitwa kambini. Barua ilifika kambi ikiwa imekwisha kufunguliwa, tena ikimtaka aje kwa nauli yake na viatu vyake. Nauli hakuwa nayo. Leo anaendesha bodaboda pale njia panda. Nilipomwuliza kama ana kinyongo, alinijibu kwa upole: "Mzee wangu, mimi hakuna aliyenifukuza. Nilichoka kusubiri." Hivyo ndivyo ridhaa inavyoondoka. Haiandiki barua ya kujiuzulu wala haiitishi mkutano na waandishi wa habari. Siku moja mtu haonekani tena uwanjani, na chama hakijui hata kwamba kimepoteza kitu.

Wenzangu wengi wakifikia hapa husema kwamba tatizo ni fedha. Hoja hiyo haina budi kusikilizwa kwa haki. Vyama vyetu ni maskini kweli. Viongozi wengi hawalipwi, na wengine hutumia fedha za mifukoni mwao. Ruzuku ya serikali haijawahi kutosha, na wadhamini huukimbilia mpira wa miguu, Simba na Yanga, kwa sababu huko ndiko macho ya watu yaliko. Hata hivyo, umaskini haueleza ni kwa nini kidogo kilichopo hutumika jinsi kinavyotumika. Mtazame mtu maskini mwenye busara: akiwa na mfuko mmoja wa mbegu, hupanda kwanza. Vyama vyetu vikiwa na mfuko mmoja, aghalabu huununulia tiketi.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Chama huishi kwa safari, na mchezaji huishi kwa mashindano. Mwaka wa chama hupimwa kwa mialiko ya nje na mikutano ya uchaguzi. Mwaka wa mkimbiaji hupimwa kwa mara alizosimama kwenye mstari na kukimbia dhidi ya watu wanaomzidi. Kalenda hizi mbili zikitengana, kiongozi anaweza kumaliza kipindi chake akiwa na kazi nyingi kweli kweli, huku kijana wa wilayani akiwa hajashindana hata mara nne kwa mwaka. Kila mmoja atasema alijitahidi, na wote wawili watakuwa wakweli.

Zamani kalenda hizo zilikuwa karibu zaidi, wala haikuwa kwa sababu nchi ilikuwa tajiri. Kulikuwa na michezo ya shule, ya majeshi, ya mashirika ya umma, na mtoto aliyekuwa na kipaji aligongana na mashindano hata bila kuyatafuta. Katika udongo huo ndimo alimotoka Filbert Bayi, mtoto wa Karatu aliyekuwa mwanajeshi, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Ndimo alimotoka pia Suleiman Nyambui wa Majita, kando ya ziwa hili hili letu. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kila mmoja wao alileta medali ya fedha, Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Nyambui katika mita 5,000. Tangu hapo hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024, miaka 44, nchi haikupata medali nyingine ya Olimpiki.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa maelezo kwamba wanafunzi wasome. Ilirudishwa baadaye, lakini kundi zima la watoto lilikuwa limepita shuleni bila kushindanishwa. Kosa hilo lilikuwa la serikali. Lakini mahali palipoachwa wazi na shule palihitaji mtu wa kupashika, na vyama vya michezo ndivyo vilivyopaswa kupashika.

Wapo wanaosema: waondoeni wanasiasa, wapeni wanamichezo wenyewe. Ni hoja inayovutia, lakini imekwisha kujaribiwa. Nyambui alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha kwa miaka kadhaa. Bayi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa muda mrefu zaidi. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu hawa hawakuujua uchungu wa mkimbiaji. Wengine wanasema kinyume: tafuteni mtu mwenye cheo, milango itafunguka. Hilo nalo tumeliona kwa karibu, kwani Anthony Mtaka alikuwa Rais wa Riadha Tanzania na wakati huo huo Mkuu wa Mkoa wetu wa Simiyu. Simlaumu yeyote kati ya hao. Ninachosema ni kwamba tumebadilisha madereva wa kila aina, bingwa na mtawala, na gari limeendelea kwenda kule kule. Basi tulitazame gari.

Gari lenyewe limeundwa hivi. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 inavitaka vyama viandikishwe. Kuna chama cha wilaya, cha mkoa, na cha taifa, na wajumbe wa mikoa ndio aghalabu wanaomchagua kiongozi wa taifa. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Lakini chama cha mkoa kinaweza kuwa mwenyekiti, katibu na mhuri, basi. Kinaamka uchaguzi unapokaribia, kinasafiri, kinapiga kura, kinalala tena. Lamadi ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, hadi mwaka 2012, ilipoingia katika Wilaya mpya ya Busega na Mkoa mpya wa Simiyu. Kwa mgonjwa na mwenye shauri, mabadiliko hayo yaliisogeza serikali karibu. Kwa mkimbiaji yalihitaji vyama vipya, yaani kura mpya katika mkutano wa taifa. Kura inaweza kuzaliwa kwa siku moja ya mkutano. Uwanja hauzaliwi hivyo.

Angalia sasa ni nani asiyeonekana katika ngazi hiyo: mchezaji. Yeye hachagui wala hamwondoi mtu. Kiongozi humhitaji mjumbe, na mjumbe humhitaji kiongozi. Aliyeridhia, ambaye bila yeye hakuna mchezo, hahitajiwi na yeyote mpaka siku ya picha uwanja wa ndege.

Tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wetu peke yetu. Wakenya, ambao medali kwao ni mavuno ya kila msimu, waliona aibu yao mwaka 2016. Julius Yego, mrusha mkuki, alifika uwanja wa ndege wa Nairobi kwenda Olimpiki ya Rio de Janeiro akakuta hana tiketi. Kelele zilipopigwa alisafirishwa, na akarudi na medali ya fedha. Mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani Hassan Wario, aliyekuwa Waziri wa Michezo, katika kesi iliyohusu matumizi ya fedha za safari hiyo ya Rio. Tofauti yao na sisi ni kwamba Kenya ina mashindano mengi, kwa hiyo mkimbiaji hukua hata uongozi unapolala. Sisi chama kikilala, analala na mkimbiaji.

Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo. Picha ndiyo iliyowatenganisha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tulishangilia hapa njia panda kama kwingine kote. Lakini Simbu hakuanza mwaka huo. Alipata shaba London mwaka 2017, na kabla yake, mwaka 2016, alikuwa wa tano Rio. Ni mwanajeshi, na jeshi limempa kile ambacho mchezaji wa ridhaa wa kawaida hana: mshahara wa uhakika na muda wa kufanya mazoezi. Ushindi wake unatufundisha kwamba kipaji kikitunzwa kwa miaka kumi huzaa. Itakuwa dhuluma ukigeuzwa kuwa ushahidi kwamba mambo ya vyama ni mazuri.

Mimi sidai viwanja vya nyasi bandia. Nadai mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, kila chama cha taifa kitoe kalenda kabla mwaka haujaanza, ibandikwe mpaka ofisi za kata, na kisiitwe chama hai mkoani kama hakikuendesha mashindano yaliyoandikwa humo. Pili, kura ya mkoa itokane na mashindano hayo: mkoa usioshindanisha watu usichague mtu. Tatu, wachezaji wenyewe wawe na wajumbe wao katika mkutano mkuu, wenye kura, waliochaguliwa na wachezaji wenzao, na kila safari ya nje itolewe hesabu mbele yao kwa majina: nani alikwenda, kwa kazi gani, kwa gharama ya nani.

Ridhaa si mkataba wa maisha. Binti aliyekubali kuposwa anaweza kuirudisha mahari, na mwenye shamba anaweza kuifunga njia. Kijana wa Lamadi naye amekuwa akiirudisha ridhaa yake kimya kimya, mwaka hadi mwaka, na kwenda zake ziwani au kwenye pikipiki. Vyama vinavyolalamika kwamba vipaji vimekwisha vingeanza kwa kwenda kumwuliza ni lini aliondoka, na kwa nini.