Mkutubi mmoja, rejea moja: zana hii ni moto!

Ukurasa unafunguka, na mbele yako kuna aya fupi iliyochomolewa kwenye makala ya Wikipedia. Ndani yake mna sentensi isiyo na chanzo. Basi! Hakuna menyu ndefu, hakuna fomu, hakuna anayekuuliza cheo chako. Ukiweza kuithibitisha, ingia kazini. Ukishindwa, bonyeza, inakuja nyingine, na nyingine, na nyingine. Inaitwa Citation Hunt, ni ya bure, na ndiyo kwanza nimeiona mikononi mwa watu wanaostahili kuwa nayo kuliko wengine wote: wafanyakazi wa maktaba.

Jamani, nimeishiwa maneno, lakini nitajaribu.

Zana hii ndiyo injini ya kampeni ya 1Lib1Ref, iliyoanza Januari 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka 15. Wazo lake ni jepesi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikuja mapema: kila mkutubi duniani aongeze rejea moja. Moja tu! Wikipedia ya Kiingereza peke yake ina mamia ya maelfu ya sehemu zilizowekewa alama ya kudai chanzo, na wahariri wa kujitolea hawawezi kuzimaliza. Sasa fikiria nani ana vitabu, nani anajua kuvitafuta, nani analipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo ya kumwonyesha mtu ukweli umeandikwa wapi.

Nilikaa mchana mmoja katika maktaba ya mkoa, wafanyakazi wakijifunza. Mama mmoja wa dawati la kuazimisha aliandika “Tanzania” kwenye kisanduku cha kuchagua mada, zikaanza kumiminika sentensi za kwetu. Alipofika kwenye habari ya Reli ya Kati kufika Kigoma mwaka 1914, hakugusa tena kibodi. Aliinuka! Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya 967.8, namba ya historia ya Tanzania katika mpangilio wa Dewey, akarudi na A Modern History of Tanganyika cha John Iliffe, kile cha mwaka 1979. Kwanza faharasa nyuma ya kitabu, kisha ukurasa, kisha kidole kwenye mstari. “Hii hapa,” akasema, na meza nzima ikasogea.

Na hapo ndipo raha inapoanza. Ukibonyeza sehemu ya kuweka rejea katika kihariri cha Wikipedia, kinakuomba kitu kimoja: anwani ya tovuti, au namba ya ISBN iliyochapwa juu ya msimbo pau nyuma ya kitabu. Mama akaichapa tarakimu kwa tarakimu. Akabonyeza. Jina la mwandishi likaja lenyewe, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, vyote vimepangwa sawasawa! Kilichobaki kwake kilikuwa kuongeza namba ya ukurasa, kuandika #1Lib1Ref kwenye muhtasari wa mabadiliko, na kuchapisha. Papo hapo sentensi iliyokuwa ikielea hewani ikapata mguu wa kusimamia, mbele ya msomaji yeyote wa dunia nzima.

Lakini ngoja, maana sehemu iliyonifurahisha zaidi ilitokea pale mashine iliposhindwa. ISBN ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Rafu zetu zimejaa vitabu vilivyotangulia hapo: vijitabu vya East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ripoti za serikali, historia za makabila zilizochapwa kwa nakala chache. Hakuna msimbo wa kuchapa, na mara nyingi huko mtandaoni hakuna hata anayejua kwamba vipo. Unahamia kwenye fomu ya kujaza kwa mkono, na kwa mtu wa kawaida hapo ndipo kazi inapogeuka adhabu. Kwa mkutubi? Anafungua ukurasa wa jina, anaugeuza, anasoma nyuma yake mahali pa uchapishaji, mwaka, toleo, kama kuna mfasiri anamwandika, kama ni chapa ya pili anaandika chapa ya pili. Kijana mmoja wa kitengo cha kuorodhesha vitabu alijaza fomu nzima bila kuuliza swali hata moja. Alisema ni kadi ya katalogi, ila imehamia kwenye kioo. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo kimekuwa kikifundisha kazi hii miaka mingi, na sasa dunia nzima inaihitaji!

Hata vile vyenye ISBN vya kwetu vina raha yake. Ukiona namba inaanza na 9976 au 9987, au tarakimu hizo zikitanguliwa na 978, ujue kitabu kimechapishwa Tanzania. 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Wakati mwingine utafutaji wa moja kwa moja hauleti kitu kwa namba hizi, kwa sababu taarifa za vitabu vyetu haziko kwenye hazina ambazo mashine inazisoma. Ni kasoro, naisema wazi. Ila kila rejea inayojazwa kwa mkono inakifanya kitabu hicho kionekane, na ningependa kuona maktaba zetu zikianza na vitabu hivyo makusudi.

Wikipedia ya Kiswahili je? Ipo tangu 2003, na makala zake nyingi zina lile tangazo dogo chini kwamba makala hii bado ni mbegu. Teremka hadi sehemu ya tanbihi na mara nyingi utakuta patupu. Mtoto wa sekondari anaisoma hiyohiyo kwa simu usiku kabla ya mtihani! Huku huhitaji hata zana ya kukuchagulia. Fungua makala ya wilaya yako, ya mto wako, ya mwandishi unayempenda, kisha nenda rafuni. Kwa maoni yangu hapa ndipo saa moja ya mkutubi wa Tanga, Mombasa au Bujumbura ina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote mtandaoni.

Kasoro nyingine nazipitia haraka. Kwenye simu vitufe vinabanana, tumia kompyuta ukiweza. Usipochagua mada, Citation Hunt itakurusha kutoka soka la Norway hadi madini ya Peru. Na fungua akaunti kwanza, ili kazi yako iandikwe kwa jina lako.

Nimeshahudhuria mafunzo mengi ya teknolojia yanayoishia kwenye slaidi, chai na cheti, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka nywila yake. Hii ni tofauti kabisa, na ina babu yake. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte na kaunti ya Mecklenburg, Marekani, Helene Blowers alianzisha programu ya mambo 23: wafanyakazi wapewe mambo 23 madogo ya mtandaoni, blogu, picha, wiki, podikasti, wayachezee wenyewe hadi wayazoee, na anayemaliza apate zawadi ya kichezeshi cha MP3. Maktaba za nchi nyingi zikaiga. Mtu hujifunza zana kwa kuifanyia kazi halisi, akiruhusiwa kuichezea bila hofu. 1Lib1Ref imeichukua siri hiyo, ikaongeza kitu ambacho mambo 23 hayakuwa nacho: ukimaliza zoezi, umeacha kitu kinachomfaa mtu mwingine.

Na zawadi ipo pia, tena kubwa! Ukifikisha mabadiliko 500 na miezi 6 ya uanachama, na ukawa umehariri angalau mara 10 katika siku 30 zilizopita, unafunguliwa The Wikipedia Library: JSTOR, vitabu na majarida ya Oxford na Cambridge, hazina ambazo maktaba zetu nyingi haziwezi kuzilipia. Kwa mtumishi wa maktaba ya wilaya, huo ni mlango ambao hakuna bajeti ingeufungua.

Umoja wa maktaba za Afrika, AfLIA, wenye makao Accra, umeshaandaa kozi ya Wikipedia kwa wakutubi wa bara hili, kwa hiyo usidhani utaanza peke yako. Wakuu wa maktaba, nawaomba: wapeni watu wenu nusu saa kwa wiki, ndani ya saa za kazi, kompyuta ikiwa mezani na rafu ikiwa karibu. Kampeni ina misimu miwili kila mwaka, kuanzia Januari 15 hadi Februari 5, na kuanzia Mei 15 hadi Juni 5. Akaunti inafunguliwa siku yoyote.